Jukwaa na Dhulma: Usuli wa Wanamuziki Kususia Nchi

Tarehe 30 Januari 2025, siku chache baada ya mji wa Goma, mashariki ya Kongo, kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, Tems, mwimbaji wa Nijeria, alitangaza kwamba tamasha lake lililopangwa kufanyika Kigali tarehe 22 Machi halitakuwako, akaomba radhi kwa kuwa alilinadi pasipo kufahamu yaliyokuwa yakitendeka baina ya Rwanda na Kongo. Wiki tatu baadaye, tarehe 21 Februari, John Legend wa Marekani alipanda jukwaani katika ukumbi wa BK Arena, Kigali humo humo, akaimba hadi mwisho, ijapokuwa Wakongo wengi walikuwa wamemsihi asiende, na ijapokuwa mji wa Bukavu nao ulikuwa umekwisha kutekwa siku chache kabla yake. Siku ile ile, huko New York, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kura zote azimio nambari 2773, lililoitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na kuondoa majeshi yake katika ardhi ya Kongo. Serikali ya Rwanda kwa muda mrefu imekanusha kuwasaidia waasi hao, ikisema kwamba ilifanyalo ni kujilinda na mabaki ya wauaji wa kimbari wa mwaka 1994. John Legend, alipoulizwa, alijibu kwamba haoni haki ya kuwaadhibu wananchi kwa sababu ya kutopatana na serikali yao.

Sisi tuishio ughaibuni, ambao katika jengo moja la mji wa Ulaya twakaa pamoja na Mkongo wa Bukavu, na Mnyarwanda wa Kigali, na Mtanzania wa Kigoma, na sote hatuna lugha nyingine ya kusalimiana ngazini ila Kiswahili, hatukuweza kulipa jambo hili kisogo. Nimesikia maneno mengi ya ghadhabu kutoka pande zote, na aghalabu wasemaji hunena kana kwamba swali hili la wanamuziki kususia nchi limezuka jana, ilhali lina umri wa miaka sabini, na waliolifikiri kwanza kwa makini walikuwa Waafrika na rafiki zao, baadhi yao watu wanaojulikana sana kwetu. Kwa hiyo naona ni wajibu kueleza lilivyoanza, lilivyokosewa, na lilivyorekebishwa, kabla ya kusema nilionavyo mimi la Kigali.

Asili yake i Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg, alikokuwa akifanya kazi kasisi wa Kiingereza, Trevor Huddleston, mtu ambaye ndiye aliyempatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza. Mwaka 1954, serikali ya makaburu ilipokuwa ikijitayarisha kuwahamisha kwa nguvu wakazi weusi wa mahali hapo, Huddleston aliandika katika gazeti moja la London akiwaomba wasanii wa nje wasikubali kwenda Afrika Kusini maadamu ubaguzi wa rangi ungali sheria ya nchi. Wito huo haukusikika sana wakati ule. Miaka sita baadaye mtu huyo huyo alikuwa Askofu wa Masasi, akaishi kusini mwa Tanganyika mpaka mwaka 1968, na wazee wa Masasi walimjua kama baba askofu wao kabla dunia haijamjua kama rais wa chama cha Waingereza waliopinga ubaguzi.

Chama hicho nacho kina mkono wetu tangu kuzaliwa kwake. Tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi wa Holborn, London, palikusanyika watu kuanzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Afrika Kusini, na miongoni mwa walionena siku hiyo, pamoja na Huddleston, walikuwako Julius Nyerere, aliyekuwa kiongozi wa TANU katika nchi isiyopata uhuru bado, na Kanyama Chiume wa Nyasaland, aliyelelewa Tanganyika na ambaye baadaye aliandika vitabu kwa Kiswahili. Hawakuanza wao kubuni shauri hilo. Ombi lilitoka Afrika Kusini kwenyewe, kwa Chifu Albert Luthuli na wenziwe wa ANC, na Luthuli alikiri waziwazi kwamba mgomo huo utawaletea taabu Waafrika wenyewe, akasema taabu hiyo watakuwa tayari kuibeba iwapo itafupisha siku za umwagaji damu. Namwomba msomaji alishike neno hili, kwa kuwa humo ndimo ilimo nguvu yote ya hoja: wale ambao wangeumizwa na kususiwa ndio walioomba kususiwa.

Je, muziki uliingiaje katika mgomo wa bidhaa, mambo ya machungwa na mvinyo? Uliingia kwa kuwa serikali ya Pretoria ilitaka ionekane kuwa nchi ya watu wastaarabu, yenye kumbi na magwiji wa dunia, na kila mwimbaji mashuhuri aliyetua huko alikuwa ushahidi wa ustaarabu huo, ilhali katika kumbi zile weupe na weusi walitengwa kwa amri ya sheria. Mwaka 1961 chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwakataza wanachama wake kufanya kazi Afrika Kusini. Mwaka 1964 Dusty Springfield alikwenda, lakini kwa mkataba uliosema hataimba mbele ya hadhara iliyobaguliwa. Alipoimba karibu na Cape Town mbele ya watu wa rangi zote, serikali ilimfukuza nchini. Na Miriam Makeba, ambaye sauti yake ya "Malaika" imepita katika kila nyumba ya pwani, alipokwenda mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963 kueleza dhulma ya kwao, sahani zake zilipigwa marufuku huko kwao, naye akabaki mhajiri mpaka mwaka 1990. Hivyo wasanii walisusia, na serikali nayo ikasusia wasanii. Mlango ulifungwa kwa pande zote mbili. Umoja wa Mataifa uliwaomba wanachama wake wakate uhusiano wa utamaduni mwaka 1968, ukarudia kwa maneno makali zaidi mwaka 1980.

Mtihani mkubwa ulikuja na Sun City. Serikali ya makaburu ilikuwa imemega vipande vya nchi na kuvipa jina la mataifa huru, ili mamilioni ya weusi wahesabiwe kuwa wageni katika nchi yao wenyewe. Kimojawapo, Bophuthatswana, kilipewa kile kilichoitwa uhuru mwaka 1977, na hakuna dola yoyote duniani iliyokitambua isipokuwa Afrika Kusini na vipande vingine kama hicho. Mwaka 1979 tajiri Sol Kerzner alifungua humo hoteli ya anasa yenye nyumba za kamari, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Johannesburg, na kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikutumika huko, weupe walikwenda kufanya yale waliyokatazwa kwao, na wageni waliambiwa kwamba wanaimba katika nchi nyingine isiyo na ubaguzi. Fedha zilizomwagwa zilikuwa nyingi kupita kiasi. Frank Sinatra alikwenda mwaka 1981 kwa ujira wa zaidi ya dola milioni moja. Hapa ndipo mtu awezapo kuona kwa nini jukwaa si mbao na taa tu. Serikali ya kubuni isiyotambuliwa na dunia ilipata waimbaji, na kila jina lililobandikwa mlangoni lilifanya kazi ambayo balozi angeifanya.

Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulianza kuchapisha daftari la majina ya watumbuizaji waliokwenda Afrika Kusini, na aliyeahidi kutorudi jina lake liliondolewa. Kundi la Queen lilikwenda Sun City mwaka 1984, likatozwa faini na chama chake nyumbani. Mwaka uliofuata Steven Van Zandt aliwakusanya wenzake, Miles Davis na Bob Dylan na Jimmy Cliff na Bruce Springsteen na wengi wengine, wakatoa wimbo wa kuapa kwamba hawatapiga Sun City. Nauona wimbo huo kuwa tendo jema kuliko daftari lile, kwa sababu daftari huaibisha mtu mmoja mmoja, lakini wimbo ulimfundisha kijana wa Detroit au wa Manchester jina la mahali ambapo hakupata kupasikia.

Lakini kanuni hii ilipata pia kuwajeruhi wasiostahili, na ni lazima tulikiri. Mwezi wa Februari 1985 Paul Simon, aliyekuwa amekataa mialiko ya Sun City, alikwenda Johannesburg kurekodi na wapigaji weusi, akina Ray Phiri na Bakithi Kumalo, akiwalipa mara tatu ya kiwango cha chama cha wanamuziki cha New York, na baadaye akashirikiana na Joseph Shabalala na kundi lake la Ladysmith Black Mambazo. Sahani iliyotoka humo mwaka 1986, Graceland, ilishangiliwa dunia nzima na kushutumiwa vikali. Waliomshutumu walisema hakuomba idhini ya ANC, na kama kila mtu atajitungia ruhusa yake mwenyewe hapatakuwa na mgomo. Waliomtetea walikuwa nani? Walikuwa Masekela na Makeba, wahajiri wawili waliopoteza nyumba zao kwa ajili ya jambo hilo hilo, nao wakafuatana naye katika ziara ya mwaka 1987, wakaimba Harare, katika nchi jirani ya ile wasiyoweza kuingia. Huko London, walipotumbuiza Royal Albert Hall, nje walisimama waandamanaji, akiwemo Jerry Dammers, mtunzi wa wimbo uliodai Nelson Mandela afunguliwe. Watu wema walikuwa ndani, na watu wema walikuwa nje. Na Johnny Clegg, mzungu aliyeimba Kizulu na kucheza na Wazulu kinyume cha sheria za kwao, alibughudhiwa na chama cha wanamuziki cha Uingereza kwa kosa la kuendelea kufanya kazi katika nchi yake mwenyewe.

Aliyekata shauri la fitina hii alikuwa Oliver Tambo, mtu aliyeongoza ANC uhamishoni kwa miaka mingi, na ambaye chama chake kilikuwa na kambi na shule Morogoro. Mwezi wa Mei 1987, akihutubia London, Tambo alisema kwamba mgomo wa utamaduni haukukusudiwa kuwafungia walimwengu sauti za watu wanaopigana na dhulma. Utamaduni wa utawala ndio wa kususiwa, na ule wa wananchi wanaojenga nchi mpya upokewe na kusaidiwa. Nalihesabu neno hilo kuwa zao lililoiva la miaka thelathini na mitatu ya kujaribu na kukosea, na nasikitika kwamba wengi wanaobishana leo hawalijui.

Basi tukirudi Kigali, yafaa tuulize kwanza nani anaomba. Wanaoomba ni watu wa Goma na Bukavu na ndugu zao walioko Brussels na Paris na Montreal, waliofukuzwa majumbani au kuzika jamaa zao. Wao wenyewe si raia wa Rwanda, na hapo kuna tofauti na Luthuli ambayo John Legend ana haki ya kuitaja: Mnyarwanda aliyenunua tiketi hakuomba aadhibiwe. Naikubali tofauti hiyo. Lakini tuulize pia nani mwenyeji. Mfululizo wa matamasha wa Move Afrika, uliomleta Kendrick Lamar mwezi wa Desemba 2023 na kisha John Legend, ulianzishwa na shirika la Global Citizen, na huko Kigali ukafanyika kwa ushirikiano na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, yaani chombo cha serikali, ambacho pia ndicho kilicholipa jina la nchi liandikwe katika jezi za Arsenal kuanzia mwaka 2018. Waandaaji husema wanataka kuwapa vijana wa Afrika kazi na ujuzi wa matamasha makubwa, na jambo hilo ni jema kwa haki yake. Hata hivyo mwaliko unapotoka kwa dola, na dola hiyo kutakiwa na Baraza la Usalama siku iyo hiyo iondoe askari wake nchini kwa jirani, mwimbaji hawezi kusema kwamba yeye aliwaendea wananchi tu. Alikuwa sehemu ya sura ambayo dola ilitaka dunia iione. Kwa sababu hiyo naona Tems alifanya insafu, na namheshimu zaidi kwa kuwa alikiri kutojua kwake badala ya kujitungia udhuru.

Wako wanaosema: mbona Marekani nayo imetenda mengi, na hakuna asemaye isiimbiwe? Hoja hii husemwa kwa dhati na watu ninaowapenda, lakini haiwafai watu wa Bukavu kitu. Hatuwezi kungoja orodha ya maovu ya mataifa yote ikamilike na kupangwa kwa uzito wake ndipo tuwajibu watu wanaotuomba leo, tena katika lugha yetu wenyewe.

Kuna wajibu pia kwa wanaosusia. Mwimbaji Gims na wasanii wenzake walitangaza tamasha la kuwasaidia watoto wa mashariki ya Kongo, lililopangwa kufanyika tarehe 7 Aprili 2025 katika ukumbi wa Accor Arena, Paris. Nia ilikuwa njema, lakini siku hiyo ndiyo siku ambayo Wanyarwanda kote duniani huanza kuomboleza mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na jumuiya za manusura zililalamika. Mimi naona siku nyingine ingalichaguliwa tangu awali. Uchungu wa Goma hauhitaji kukanyaga matanga ya mtu mwingine ili usikike.

Na mwimbaji wa Kinyarwanda aliyekodi ukumbi wa Brussels kwa fedha yake, asiyetumwa na bodi wala wizara, asifungiwe mlango kwa sababu ya hati yake ya kusafiria. Huo ndio mstari alioupiga Tambo, nami sijaona uliopigwa vizuri zaidi. Mgomo wa Afrika Kusini nao uliondolewa na wale wale walioutaka: Umoja wa Mataifa uliufuta mwezi wa Desemba 1991, na Januari 1992 Paul Simon aliimba Johannesburg kwa ridhaa ya ANC, ijapokuwa walikuwako wengine katika mapambano yale yale waliosema muda haujafika. Kwa Kigali, neno la lini wageni warudi katika jukwaa la serikali nitalingoja kutoka Goma na Bukavu, na siku watakapolisema nami nitanunua tiketi.