Mbona faili ulilofuta limerudi?

Vijana wa Mang'ola, mnafuta faili la bei za vitunguu za mwaka jana kwenye laptop, kesho yake lipo tena. Si kirusi. Kama mnatumia OneDrive au Google Drive, kuna nakala mtandaoni. Mwenzako akilirekebisha kwenye kompyuta yake bila bando, siku akipata mtandao linaweza kupanda upya na kushuka kwako. Hatari ni kumtumia dalali bei ya zamani, na magunia yameshapakiwa!

Kwanza weka nakala kwenye flashi. Kompyuta zote ziwe na mtandao mpaka zimalize kupandisha mafaili, ndipo ulifute kule kule mtandaoni, kupitia Chrome. Kwenye Google Drive linakaa kwenye taka siku 30, hivyo ukikosea bado unaweza kulirudisha.