Radhi za Mama Zilivuka Kizuizi
Mei 2020, tukiwa katika Ramadhani, Serikali ilizuia kuingia na kutoka Mji wa Kale, Mombasa, kwa sababu ya korona. Bibi mmoja, jirani yetu, alibaki ndani akimuuguza mumewe mwenye kisukari. Majirani walimwekea futari na dawa barazani. Idi ikafika, mwanawe wa Likoni akamlilia kwa simu: “Mama, nipenye vichochoroni?” Akamjibu: “La, mwanangu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuingia penye tauni, na kutoka kuikimbia. Radhi zangu unazo huko huko.”

Ndugu zangu, kumtii mzazi si kumkaribia tu. Pengine ni kukaa mbali, ukimwombea, huku jirani akimhudumia kwa niaba yako.