Fundi wa Nyakarambi anayetoa tyubu kwenye baiskeli za umeme

UKIVUKA daraja la Rusumo kutoka Ngara na kuifuata barabara ya Kigali, utapita Nyakarambi, wilayani Kirehe. Hapo nilimkuta fundi pancha aliyerejea Rwanda mwaka 2013, pamoja na maelfu walioondolewa mkoani Kagera. Kiswahili chake bado ni cha Karagwe.

Kazi iliyonisimamisha ni ya baiskeli ya umeme. Mteja, mama anayesafirisha vitenge na viatu, alitaka tyubu itolewe kabisa na tairi libaki lenyewe, kama la gari.

“Shida si pancha, kaka. Shida ni mota,” fundi aliniambia.

Mota ya baiskeli hiyo imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kulitoa gurudumu njiani ni kuchomoa waya, kufungua nati kubwa za ekseli na kuinua chuma kizito, mzigo ukiwa chini. Tena uzito huo ndio unaoleta pancha. Ukipiga shimo, rimu huibana tyubu na kuacha matundu mawili, kama meno ya nyoka. Tairi lisilo na tyubu halina cha kubanwa, na mwiba ukiingia, dawa ya maji iliyomo ndani huziba tundu gurudumu likizunguka.

Niliketi nitazame. Alikwangua rimu, akapiga tupa ncha za spoku zilizochomoza, kisha akaifuta kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akazungusha utepe maalumu mara mbili, akiuvuta kwa nguvu, ili kila tundu la spoku lifunikwe. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: utepe ukiwa mwembamba kuliko rimu, upepo hupenya pembeni na kutokea kwenye spoku. Alitoboa kitundu kimoja tu, cha vali yenye kitako cha mpira.

Baada ya kupaka povu la sabuni alijaza upepo kwa kompresa. Pampu ya mkono haitoshi, maana upepo lazima uingie kwa kishindo. Tairi lililia pa! mara mbili, kila ukingo ukikaa mahali pake. Mwisho alifungua moyo wa vali, akamimina dawa, akajaza upepo tena na kulilaza gurudumu ubavu huu na ubavu ule.

Lakini si kila rimu inafaa, na fundi huyu huwarudisha wateja. Rimu ifaayo ina kingo ndogo ndani inayolishika tairi lisiteleze katikati. Ile ya baiskeli za kizamani haina. Ukiilazimisha, siku upepo ukipungua na umebeba gunia kwenye kona, tairi litachomoka ghafla. Kwa pikipiki za spoku zinazobeba abiria, mimi ningekataa kabisa. Anayetaka raha hiyo anunue rimu ya kumwaga iliyotengenezwa kiwandani kwa tairi lisilo na tyubu.

Dawa nayo hukauka, na juani hukauka upesi zaidi. Ifunguliwe na kuongezwa kila baada ya miezi michache.

Kwa wanaofikiria kuvusha vifaa hivi kibiashara: utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama. Tairi la China halimo, hata ukilinunua dukani Ngara.

Yule mama alilipa, akauliza afanye nini na tyubu ya zamani. Fundi aliikunja, akaifunga kwa mpira chini ya kiti. Msumari ukichana tairi kwa upana ambao dawa haiwezi kuuziba, vali ile hutolewa na tyubu hurudishwa ndani mpaka afike nyumbani.