Shujaa Mwenye Makovu: Sinema na Mapambano ya Maisha Yetu



Katika kurasa hizi mmezoea kusoma juu ya mikopo ya mzunguko, samadi, matangi ya maji na kuku wa kienyeji. Leo tunaomba ruhusa tuongee juu ya sinema. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mkitaka kucheka mcheke.

Kazi yetu ni huduma za jamii hapa Makina, Kibera. Ukitoka sokoni ukaingia kwenye vichochoro, utakuta vibanda vya mabati vyenye pazia jeusi mlangoni na spika juu. Ndani ni mabenchi, televisheni moja, na vijana wamejaa pomoni. Wanaangalia filamu za Wachina, za Wahindi na za Wamarekani. Nyingi zimetiwa maelezo ya Kiswahili cha mtaani na DJ Afro, yule Mkenya ambaye vijana wengine wanaijua sauti yake kuliko wanavyowajua waigizaji wenyewe.

Miaka mingi sisi tulikuwa maadui wa vibanda hivi. Tulisema ni mahali pa bangi na uvivu, na kusema kweli vingine ni hivyo. Lakini hatukuwa tumeingia hata siku moja. Tulikuwa tunahukumu pazia tu.

Siku tulipoingia tulijifunza neno. Shujaa wa filamu vijana wanamwita staringi, na wana sheria yao: staringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, nyumba imwangukie, atatoka tu, apanguse vumbi na kuwamaliza maadui wote. Baadaye tuliketi nje na vijana kama kumi, tukawauliza shujaa wao ni nani. Wakataja Rambo, Commando, Bruce Lee. Tukauliza, na Yesu je? Tulifikiri tumewatega. Kijana mmoja, labda wa miaka 15, akajibu kwa heshima kabisa: "Lakini mwalimu, Yesu si alikufa? Na hata hakupigana."

Tulimwambia kwamba alifufuka siku ya tatu. Akaitikia kwa kichwa, lakini tuliona hajaridhika. Na sisi hatukuridhika.

Swali lile tulikwenda nalo nyumbani, kwa maana si swali la kitoto. Hapa kwetu kila mtu amepigwa na maisha. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi, jirani yetu, liliteketea, na wauzaji wakarudi kujenga meza zao juu ya majivu. Kama shujaa ni yule asiyeumia, basi watu hawa si mashujaa, ni watu walioshindwa. Na wengi wanajiona hivyo hivyo. Baba akikosa kodi ya nyumba hurudi usiku majirani wamelala. Mama akifiwa na mtoto huambiwa upesi upesi kwamba ni mapenzi ya Mungu, ili anyamaze. Sisi watu wa kanisa tunasema hivyo sana, na si vizuri. Hatusomi mahali popote kwamba Mama Maria aliambiwa anyamaze chini ya msalaba.

Ndipo tukakumbuka habari ya Tomaso katika Injili ya Yohana, sura ya 20. Yesu amefufuka, ni mzima, lakini mikono ingali na alama za misumari na ubavu una jeraha. Angeweza kurudi bila kovu hata moja, kama staringi. Hakurudi hivyo. Alimwonyesha Tomaso yale majeraha, na Tomaso akaamini. Hilo ndilo tulilotaka vijana walione. Lakini ukimhubiria kijana aliyetoka kuona Commando, utashindwa. Tulihitaji sinema ya kujibu sinema.

Wale waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanzishwa hapa Kenya katika miaka ya 1970 na akina Anne Hope na Sally Timmel, watakumbuka jinsi tulivyofundishwa kutumia picha. Unawaonyesha watu mchoro wa jambo wanalolijua, kwa mfano mama amebeba maji na mzee ameketi, halafu hufundishi chochote. Unauliza: mnaona nini? Kwa nini iko hivyo? Kwetu je? Watu wakiongea juu ya mchoro, mwisho wanaongea juu yao wenyewe. Sisi tunaona filamu ni mchoro mrefu, basi.

Tukachagua The First Grader, filamu ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Justin Chadwick na kupigwa hapa Kenya. Inaeleza habari za Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, ambaye wengi wenu mnamkumbuka. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, Mzee alisikia kwamba elimu ni ya bure kwa wote, akaona "wote" ni pamoja na yeye. Januari 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, amevaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wengine. Zamani alikuwa amepigania uhuru na Mau Mau. Alitaka kusoma kwa sababu mbili: aisome Biblia yeye mwenyewe, maana hakuwa na hakika kama wahubiri wanaieleza sawasawa, na ajue kuhesabu pesa, ili wapigania uhuru wakilipwa fidia asidanganywe. Katika filamu anachezwa na Oliver Litondo, ambaye wazee wenzetu wanamjua kama mtangazaji wa habari.

Jioni hiyo walikuja watu kama 40: akina mama wa kikundi cha akiba, vijana wa kibandani, na majirani zetu Wanubi, ambao ni Waislamu, kwa sababu Makina ni kwao tangu mababu zao, askari wa King's African Rifles, walipowekwa hapa. Tuliazima projekta, tukatundika shuka ukutani. Filamu ikaenda vizuri. Mzee anafika shuleni, anafukuzwa langoni. Anarudi, anaambiwa hana sare. Anarudi tena. Hapo hapo, stima ikapotea.

Tulingoja. Wapi! Mtu akawasha taa ya simu, mwingine akaleta taa ya mafuta. Tukasema basi, tuongee. Tukauliza swali moja tu: wewe umewahi kusimama nje ya lango gani?

Kimya. Halafu mzee mmoja akaeleza lango la kiwanda, jinsi walivyokuwa wakijipanga saa 11 alfajiri kungoja kibarua, na karani anachagua wenye mabega. Bibi mmoja Mnubi akasema, "Sisi tulisimama langoni karibu miaka mia, tukiomba hati ya udongo tuliozaliwa juu yake." Hati ya ekari 288 ilitolewa mwaka 2017, na wazazi wake hawakuiona. Akamtaja Nabii Ayubu na subira yake, lakini akaongeza, "Ayubu naye alilia, jamani, tusisahau." Tulifurahi sana kusikia hivyo. Katika Biblia yetu Ayubu analia na kuuliza maswali sura nyingi kabla hajapata jibu, nasi huwa tunazipita sura hizo.

Kisha akasimama mama mmoja wa kikundi cha akiba. Ni mtu wa kimya, analipa kwa wakati, haulizi kitu. Akasema, "Lango langu mimi ni kitabu." Akaeleza kwamba miaka ya nyuma, katika kikundi kingine, aliambiwa ana deni la mkopo. Akasema hajakopa. Wakafungua kitabu wakamwonyesha alama ya kidole gumba, na kweli kilikuwa chake. Alikuwa ametia kidole siku moja akidhani ni orodha ya mahudhurio. Alilipa deni lile kwa kufua nguo za watu miezi minane. Hakumwambia mtu, hata mume wake, kwa aibu ya kutojua kusoma. "Nilifikiri Mungu ananiadhibu," akasema, "kwa sababu nilitoroka shule nikiwa mdogo."

Mwenyekiti, Mungu ambariki, hakutoa mawaidha. Aliuliza tu ni nani mwingine hawezi kusoma kitabu cha kikundi. Mkono mmoja ukainuka. Halafu mwingine. Katika wanachama 14, mikono ikawa saba. Hapo sisi ndio tulioona aibu. Tulikuwa tumewafundisha hesabu za mikopo miaka miwili, tukiandika ubaoni, nao wakiitikia "ndiyo, mwalimu."

Hapa tunataka kusema jambo kwa uwazi, kwa sababu vikundi vingi vya kikanisa vinakosea. Kutafuta maana ya Kikristo katika taabu si kusema kwamba kila taabu imetumwa na Mungu. Mungu hakumletea mama yule deni. Mtu alimwibia, na mtu huyo alikuwa na kalamu. Hata msalaba wa Yesu uliletwa na watu: wakubwa waliotaka kulinda vyeo, Pilato aliyeogopa fujo, rafiki aliyechukua pesa. Mungu alichofanya ni kukataa hadithi isiishie kaburini. Ndiyo maana tukimwambia aliyeibiwa "vumilia, ni msalaba wako," tunamsaidia mwizi. Kuvumilia kwa Mzee Maruge hakukuwa kwa namna hiyo. Yeye alivumilia kwa kurudi langoni.

Juma lililofuata tulionyesha filamu yote, na watu walikuja mapema kuliko mara ya kwanza. Mzee anakumbuka mateso ya kizuizini, na makovu yake yanaonekana. Baadaye tuliwaeleza habari zake nyingine. Septemba 2005 alikwenda New York kuongea katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Ghasia za mwanzo wa 2008 zilimkuta huko Eldoret, mali yake ikaibwa, akaishi kambini ndani ya hema, kilomita kama nne kutoka shuleni, na bado alikwenda darasani. Mwaka huo huo akaletwa Nairobi, katika makao ya wazee, akaingia darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi. Tarehe 24 Mei 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu, Kariobangi, akachukua jina la Stefano. Saratani ya tumbo ilimchukua tarehe 14 Agosti mwaka huo.

Yule kijana wa swali alikuwepo. Akauliza, "Kwa hivyo hakumaliza darasa la nane?" Hakumaliza, tukamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu staringi amekufa na bado ameshinda. Ni ngumu." Tukamwambia ndiyo, ni ngumu, hata kwa Petro ilikuwa ngumu. Hatukuongeza neno.

Ziko filamu nyingine zinazofaa. Sarafina!, ya 1992, juu ya wanafunzi wa Soweto, inagusa vijana sana, lakini ina mambo mazito, msiwaonyeshe watoto wadogo. Romero, ya 1989, inaeleza habari za Askofu Mkuu Oscar Romero wa El Salvador, aliyeuawa akiadhimisha Misa tarehe 24 Machi 1980 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2018. Soul Boy, ya 2010, iliyoongozwa na Hawa Essuman, ilipigwa hapa Kibera: mvulana wa miaka 14 anapewa kazi saba ili aokoe roho ya baba yake. Wengine wataogopa kwa sababu ina mambo ya pepo. Sisi tuliona mtoto anayehangaika kwa ajili ya mzazi, na vijana walitambua vichochoro vyao wenyewe, wakapiga makofi. Nairobi Half Life, ya 2012, ni ya watu wazima. Inamhusu kijana anayeuza filamu kijijini, anayekuja mjini atafute uigizaji na kuangukia genge la wezi. Kwa vikundi vya vijijini ambavyo watoto wao wamekimbilia Nairobi, tunadhani wazazi waione bila watoto kwanza.

Na filamu za Yesu zenyewe? Ile ya 1979 ina tafsiri ya Kiswahili, na wengi wenu mliiona usiku uwanjani, kwenye shuka kati ya miti miwili. Nzuri, ila jiandaeni kwa swali la watoto, kama Yesu alikuwa Mzungu. Hakuwa. Alikuwa Myahudi wa Galilaya, fundi seremala, mtu wa jua.

Yeyote atakayeongoza aione filamu mwenyewe kwanza, yote, si nusu. Chagueni mahali pa kusimamisha. Stima ilitufundisha sisi kwamba katikati ni pazuri kuliko mwisho, kwa sababu watu hawajui bado nani atashinda. Maswali yasizidi matatu, na yafuate ile njia ya Kadinali Cardijn tunayoitumia katika jumuiya ndogo ndogo: ona, amua, tenda. Msomeni Injili baada ya mazungumzo, si kabla, la sivyo watu watatafuta jibu la kumpendeza katekista. Kuonyesha filamu hadharani kunahitaji leseni kisheria, kwa hiyo ulizeni mapema. Kama hamna projekta, simu moja inatosha watu watano. Na kama hamna hata simu, simulieni habari za Mzee Maruge kwa mdomo, mkomee pale langoni.

Hapa kwetu darasa la kusoma linakutana kila Jumatano saa 9 alasiri, na wanafunzi wakubwa wa kibandani ndio walimu, wawili wawili. Kitabu cha akiba sasa husomwa kwa sauti kabla mtu hajatia kidole. Mama yule aliandika jina lake kwa mara ya kwanza mwezi uliopita, na herufi moja imegeuka kinyume. Mweka hazina alitaka kuirekebisha. Mama akavuta kitabu, akasema, "Iache. Hiyo ni yangu."