Homa ya Mtoto: Hesabu Pumzi Zake

Usiku mama anagusa kichwa cha mtoto, anaona kina moto kama chungu. Anasema, "Ni malaria." Asubuhi baba anapita sokoni, ananunua vidonge kwa yule anayeuza dawa pamoja na chumvi na sabuni. Wanampa mtoto, kisha wanangoja. Mara nyingi wamebahatisha vema, kwa maana malaria ni nyingi katika nchi yetu ya Kongo. Lakini mara nyingine si malaria hata kidogo. Ugonjwa uko kifuani, nazo siku mbili za kungoja ndizo zinazomwua mtoto.

Ninyi wazazi, fahamuni neno hili: moto wa mwili hausemi jina la ugonjwa. Malaria huleta moto, kichomi huleta moto, surua huleta moto, na sikio lenye usaha vilevile. Kwa kugusa tu huwezi kuyatenganisha, wala mganga hawezi. Kwa hiyo yeye hutumia tone la damu na saa.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila mtu anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Mganga anachoma kidole, anaweka tone moja juu ya kipimo kidogo cha plastiki, anangoja kama dakika 15 au 20. Kikionyesha malaria, mtoto anapewa dawa mbili zilizounganishwa, kama artesunati na amodiakini, au artemeteri na lumefantrini, kwa siku 3. Wazee wengine bado wanatafuta klorokini ya zamani kwa sababu ya uchungu wake. Waiache, malaria ya kwetu imeizoea.

Na kama kipimo hakioni malaria? Hapo wengine wanakasirika. "Tumetembea tangu alfajiri, tumetoa feza, na hata sindano hakuna!" Baba, kipimo hakikusema kwamba mtoto ni mzima. Kimesema tutafute mahali pengine. Na mahali pa kwanza pa kutafuta, hasa akikohoa, ni mapafuni.

Kazi hii mama anaweza kuianza nyumbani, hata asiyejua kusoma. Ngoja mtoto atulie, asilie wala asinyonye. Akilala ni vizuri zaidi. Inua nguo yake uone tumbo na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mtu mmoja ashike saa au simu inayoonyesha sekunde, na mwingine ahesabu dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha, kwa maana watoto wadogo hawapumui sawasawa.

Mtoto wa mwaka 1 hata miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno. Wa miezi 2 hata 11: pumzi 50 au zaidi. Ukiogopa kupotea katika hesabu, weka punje 40 za mahindi (au 50 kwa yule mdogo) katika sahani, na kwa kila pumzi ondoa moja. Punje zikiisha ndani ya dakika ile, funga mtoto mgongoni, uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwa mtoto chini ya miezi 2 hesabu ni 60, lakini huyu akiwa na moto usipoteze wakati kwa kuhesabu. Mpeleke tu.

Tena tazama sehemu ya chini ya kifua. Ikiwa inaingia ndani kila anapovuta pumzi, mapafu yanachoka. Kuchanja kifua kwa wembe hakufiki mapafuni. Kunaongeza vidonda tu. Dawa ya kichomi cha mtoto ni amoksisilini. Mara nyingi hutolewa asubuhi na jioni kwa siku 5, na vidonge vyake vingine huyeyushwa katika maji au maziwa ya mama. Siku ya 2 mtoto ataanza kucheza, na hapo wengi wanaficha vilivyobaki kwa mdogo wake. Msifanye hivyo. Lakini mafua yenye kikohozi kidogo, pumzi zikiwa za kawaida, hayahitaji dawa hiyo. Mpeni maji na chakula, naye anyonye kama kawaida.

Neno moja bado. Mtoto anaweza kuwa na malaria na kichomi pamoja. Tena vipimo vingine huendelea kuonyesha malaria majuma kadhaa baada ya kupona. Kwa hiyo hata kipimo kikionyesha malaria, hesabu pumzi. Zikiwa nyingi, mwambie mganga.

Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au anayelala pasipo kuamka vizuri, huyo hangoji asubuhi. Amsheni jirani mwenye pikipiki. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunati, na kichomi kikali huhitaji sindano na pengine hewa ya oksijeni. Hivi vyote haviko sokoni.

Aliyepewa dawa ya kumeza arudishwe baada ya siku 3, au mara moja akizidi kuugua. Chukueni na vidonge vilivyobaki, mganga avihesabu.