Lori ni Keja, Breki Ndio Swag

Wacha nikupe hii story kabla wasee wa Nairobi waanze kujifanya ni yao. Prado ya kupiga camp imezoeleka. Noah ya kulalia ndani ni ya couple imekosana na landlodi. Kitu ya kubamba ni lori. Lori mzima, chesis ya kubeba tani. Imetolewa viazi, ikawekwa kitanda, jikoni ya kufunguka nje na tanki ya maji, na huko nyuma kuna hitch ya kuvuta trela ya nduthi. Mbogi inatoka huku kwetu Sachangwan Ijumaa, Jumamosi inaamkia Vasha, yaani Naivasha.

Najua mabuda wa hapa watado nini. Watasimama kando ya lami, mikono nyuma, wakague tairi moja moja, halafu waulize: "Na mzigo iko wapi?"

Mzigo ni sisi, mzee.

Na hii si kitu ya kuokota TikTok. Hii barabara yetu ya Nakuru kwenda Eldoret imepitisha lori za kuishi ndani tangu tukiwa watoi wa kupunga mkono. Zile ndefu za wazungu, madirisha makubwa, makabati ya chuma kwa tumbo, viti, mahema, jikoni inafunguka kwa mbavu. Zinatoka Nairobi, zinalala Fisherman's Camp pale Naivasha au Kembu kule Njoro, zinapanda hii mlima yetu, zinaingia Naiberi karibu na Eldoret, halafu ni Uganda kucheki masokwe. Na kitambo, kabla mimi na wewe tuzaliwe, kulikuwa na Turkana Bus. Jina ni basi, chini ni lori, inabeba watu na vumbi mpaka Lake Turkana.

Bado unadoubt? Cheki nganya. Ile mathree inakufanya uwachane na mbili tupu ukingoja hiyo moja, chini yake ni chesis ya lori, Isuzu NQR ama FRR. Kenya tumegeuza lori kuwa raha kuliko watu wengi duniani. Tumesahau tu kuongeza kitanda.

Sasa tuingie garage.

Chesis kwanza. Kama ni kulala tu, FRR itakusort. Kama unataka kuvuta trela na kupanda milima bila kulia, angalia FSR ama Fuso FH. Sababu ni moja: spea. Hizo ndai ziko kila mahali, na fundi wa Nakuru anazijua akiwa amefunga macho. Ile lori ya jeshi la Ujerumani ya miaka ya 80 uliona YouTube, stirio kushoto? Iwache huko. Sheria ya Kenya ya kuingiza magari, KS 1515, haitaki gari imepita miaka 8, na stirio inataka kulia. Na hata ingeingia, ikiharibika Timboroa saa nane usiku utaitisha spea Berlin?

Bodi. Hapa ndio nakupea siri ya mtaa, usiangushe. Usianze na bodi ya mabati. Sachangwan baridi inauma mpaka meno, na mabati usiku inatoa jasho. Unaamka blanketi imelowa. Tafuta bodi mzee ya lori ya maua. Zile za friji, zenye zilikuwa zinatoa roses Naivasha zikipeleka airport. Ukuta nene, foam katikati, mlango unafunga kabisa. Ilijengwa kuzuia joto isiingie. Wewe unaitumia kuzuia joto isitoke. Mashine ya friji wanatoa, unabaki na keja tayari.

Lakini skia, na hapa sichezi. Bodi ikifunga hivyo, jiko ya makaa haiingii ndani. Hata dakika. Hata ikiwa imebaki majivu mekundu tu. Ile gesi ya makaa haina harufu, haina moshi, na inaua watu wakiwa wamelala. Kata matundu mawili ya hewa, moja chini, moja juu, na kupika ni nje. Msee anakuambia "tutafungua dirisha kidogo" huyo mwambie alale kwa hema.

Maji ni kilo. Lita 200 ni kilo 200, na zinacheza ukikata kona. Tanki ikae chini, katikati ya chesis. Wasee wanapenda kuweka kila kitu juu ya roof: tanki, sola, spea, spika, mpaka sofa. Lori inakuwa nzito kichwa, kona ya kwanza inataka kulala.

Doo. Tuongee kama watu wazima. Lori ya size hiyo ikikupea kilomita 4 kwa lita, shukuru. Kilomita 100 ni lita 25. Dizeli Nairobi mwaka wote wa 2025 ilikaa juu ya 160 bob. Kwa hiyo bei ni zaidi ya ngiri nne kwa kilomita 100, na bado hujarudi. Peke yako, hiyo ni wazimu. Mbogi ya kumi? Ni soo nne na kitu kila mtu. Hata usiku wa rally utaskia poa. Tangu WRC, ile rally ya dunia, irudi Kenya 2021 baada ya miaka 19 nje, Vasha wikendi ya Safari Rally keja zinapandishwa bei mpaka unalala kwa gari ya msee hujui. Wewe una gari, kitanda na jikoni. Choo pia ukiwa na akili. Stage za Soysambu na Elmenteita ziko njiani, hata Vasha hujafika.

Ghali zaidi ni tairi. Lori ina sita, trela ina zake, na zote zinataka kuwa fiti siku moja. Usinunue ile imechorwa upya kwa kisu. Unaijua.

Sasa mlima. Hii ndio sababu naandika.

Kutoka Mau Summit, zaidi ya mita 2,400 juu, mpaka Nakuru kwa mita 1,850, barabara inakushusha kwa upole mrefu. Hiyo upole ndio mbaya. Hujui unakimbia mpaka umekimbia. Tunajua hii story kuliko mtu yeyote. Tarehe 31 Januari 2009 tanka ilianguka hapa Sachangwan, watu wakaenda kuteka petroli, moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 wakakufa. Kila nyumba hapa ina jina inalitaja polepole. Na asubuhi ya 31 Desemba 2017, pale Migaa kwa hii hii barabara, basi na lori ziligongana, watu 36 wakakufa, ndio serikali ikakimbia kuweka ukuta wa zege katikati ya lami.

Basi kuna mabuda wenye mpaka leo wanakushow, kwa sauti ya hekima: "Ukifika Sachangwan weka free, usave mafuta." Free! Gia imetolewa, tani zinajisukuma zenyewe, breki peke yake ndio imebaki ikipigana. Inachemka, inanuka, inaisha. Na mafuta hata hujasave. Ukiwa kwa gia na umetoa mguu kwa mafuta, injini inakata dizeli. Ukiwa free, inaendelea kuinywa ili isizime. Ukizima injini kabisa, compressor inasimama, hewa ya breki haijazwi, na stirio inakuwa chuma. Hiyo ndio hekima ya wazee kwa mlima. Waachie chai yao.

Style ya kushuka ni hii. Chagua gia ndogo ukiwa bado juu, kabla mteremko uanze. Gia ungepandia nayo ndio unashukia nayo. Washa exhaust brake, ile kitu inaziba moshi na kufanya injini ishike gari. Breki ya mguu unaigusa, unaiachilia, unaigusa. Huwezi kukaa juu yake kama unakanyaga nguo kwa beseni. Na kama unavuta trela, trela iwe na breki zake, paipu mbili za hewa, ya kuijaza na ya kuiamrisha, zote zimeunganishwa kabla utoke. Uzito mwingi wa trela ukae mbele ya axle. Ukirundika nduthi zote huko nyuma, mkia unaanza kucheza densi, na wewe si ndio DJ.

Lori ikikwama, usivute na kamba kwa mteremko. Kamba inavuta tu, haisimamishi. Wa nyuma anakuingia. Tafuta chuma ya kuvutia, ama ita brekidauni. Hapa chini Salgaa wanazijua hizo kazi.

Karatasi, haraka: leseni ya B ya ndai ndogo haitoshi. C1 ni lori ndogo, C ni ya kati, CE ndio ya kuvuta trela. Umebadilisha bodi, NTSA wanataka logbook ibadilishwe na gari ikaguliwe. Speed ya lori ni 80, na hiyo ni ya juu, si target. Lifesaver mbili, na reflector nyuma zisizo na matope. Karao wa Salgaa hataki story ya "mzigo ni sisi".

Sasa aibu zenye sitaki kuona kwa mtaa. LED za kumulika mpaka Kericho, na taa ya breki imekufa. Spika nane, na spea ya tairi ni ya kuomba. Kitanda kimetandikwa kama cha hoteli, na jeki iko "kwa cuzo." Sticker ya OVERLAND kubwa, na msee hajawahi kupita Njoro. Hiyo si swag, hiyo ni harusi ya kuazima suti.

Msee akishuka mlima wa Sachangwan na lori mzito, trela nyuma, injini inanguruma polepole, harufu ya breki hakuna, mbogi ndani inalala bila kushtuka: huyo ndio ameiva. Huyo hata bila LED tutamjua.

So kesho ukipita kwa fundi Nakuru, uliza bei ya brake lining kwanza. Zote, mbele na nyuma, na za trela. Change ikibaki, ndio tuongee spika.