Kufunga upya nyaya za trekta la zamani: kila kifaa kitambuliwe kabla ya kukata

Katika mashamba ya Nathenje, kusini mwa Lilongwe, matuta yanapaswa kuwa tayari kabla ya mvua za Novemba. Trekta likigoma kuwaka mwezi Oktoba, mwenye shamba huanza kuhesabu siku. Na kwa matrekta ya zamani, mathalan Massey Ferguson 35 na 135 yaliyoundwa Coventry nchini Uingereza, aghalabu kinachogoma si injini bali nyaya.

Chanzo cha hali hiyo ni uimara wa injini yenyewe. Injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu haihitaji umeme ikishawaka. Huendelea kwa mgandamizo wa hewa, na huzimwa kwa kuvuta kifimbo kinachokata mafuta. Kwa hiyo trekta husukumwa, likawaka, likalima, na hitilafu ya umeme ikasogezwa msimu hadi msimu. Kila fundi apitaye huongeza kipande cha waya wa rangi aliyokuwa nayo mfukoni. Mwishowe hakuna taa ya nyuma, na tela la mahindi linatembea gizani kwenye barabara kuu ya M1, mbele ya malori yanayoelekea Dedza na Blantyre.

Fundi aliyejifunzia kazi Bukavu au Bujumbura kwenye magari ya Kijapani, na ambaye sasa anaishi Dzaleka wilayani Dowa, hukutana hapa na mfumo wa kizazi kingine. Kosa la kutambua kifaa humgharimu mara mbili: kipuri kisichofaa kinabaki mkononi, na safari ya kurudi mjini inahitaji tena nauli na kibali cha kutoka kambini.

Jambo la kwanza, kabla ya kugusa chochote, ni kujua ni upande upi wa betri uliofungwa kwenye bodi. Mengi ya matrekta ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa ncha chanya kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo. Alama za betri zikiwa zimefutika, ncha iliyo nene zaidi ndiyo chanya. Hilo likishaandikwa kwenye karatasi, waya wa bodi ndio unaofunguliwa kwanza, na ndio utakaorudishwa mwisho. Anayeanza na waya wa upande wa pili, spana yake ikagusa chuma, atapata cheche kubwa karibu na betri inayotoa gesi inayolipuka.

Kutoka kwenye betri, njia iliyo nyepesi kuifuata ni ya kebo nene kuliko zote. Inakwenda kwenye stata, ikipitia solenoidi, ambayo huwa imefungwa juu ya stata yenyewe au kando kwenye bodi. Solenoidi hutambulika kwa boliti mbili kubwa na ncha ndogo inayopokea amri kutoka kwenye ufunguo. Waya huo mwembamba, katika Massey Ferguson nyingi, hupitia kwanza swichi ya usalama kwenye giya, ili stata isizunguke trekta likiwa ndani ya giya. Wapo wanaoiruka swichi hiyo kwa kuunganisha nyaya zake mbili pamoja. Trekta likiruka mbele siku moja na mtu akiwa kati ya magurudumu, sababu itakuwa hapo.

Kifaa cha pili ni cha kuchaji, na ndicho kinachochanganya watu zaidi. Dainamo ni silinda ndefu nyembamba, yenye ncha mbili zilizoandikwa D na F; ile ya D ni kubwa zaidi. Alteneta ni fupi na nene, ina matundu ya hewa, na waya wake mkubwa unakwenda moja kwa moja upande wa betri. Tofauti hii si ya jina tu. Dainamo haiwezi kufanya kazi bila katauti, kile kisanduku chenye koili ndani ambacho huzuia betri isijimwage kwenye dainamo injini ikizimwa, na kudhibiti kiwango cha umeme. Kwenye katauti ya Lucas ya aina ya RB106 herufi ni A, A1, F, D na E: A inakwenda betri, A1 inalisha ufunguo na taa, F na D zinakutana na wenzake wa dainamo, E inakwenda kwenye bodi. Alteneta nyingi zina kidhibiti chao ndani, hivyo katauti ya zamani haina kazi tena. Lakini alteneta iliyofungwa kwenye betri iliyogeuzwa ncha huungua diodi zake papo hapo.

Dainamo nayo ina tabia yake. Mwenye trekta akiamua kubadili bodi kutoka chanya kuwa hasi, ni lazima aifundishe upya: nyaya za D na F hutolewa, kisha waya kutoka ncha ya betri isiyofungwa kwenye bodi huguswa kwenye F mara mbili au tatu, kwa muda mfupi sana.

Rangi husaidia, ila haziaminiki peke yake. Kwa utaratibu wa Kiingereza, kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe unatoka kwenye ufunguo, kijani umepita fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa na nyeusi ni bodi. Baada ya miaka 50 ya jua, nyekundu na kahawia hufanana. Kipimo cha kuaminika zaidi ni balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili: kila waya unajaribiwa mwanzo na mwisho, kisha unafungwa kitambulisho cha karatasi na plasta, ndipo unakatwa.

Si kila kinachoingia kwenye dashibodi ni waya. Katika matrekta mengi ya zamani kipimo cha joto hutumia bomba jembamba la shaba lenye kimiminika ndani. Likikatwa, kipimo chote kimekufa. Kipimo cha mafuta ya injini nacho mara nyingi ni bomba. Na ile ncha moja kwenye njia ya hewa ya injini ni kipasha joto cha kuwashia asubuhi za baridi za Juni na Julai. Hunyonya umeme mwingi kuliko taa ya dashibodi, kwa hiyo waya wake usiwe mwembamba.

Nyaya mpya zikishakaa, taa nyekundu ya kuchaji inapaswa kuwaka ufunguo ukifunguliwa, na kuzimika injini ikiongezwa mwendo. Ikibaki inawaka, uangaliwe kwanza mkanda wa feni, kisha ncha ya D, kabla ya mtu kupanda basi kwenda Lilongwe kununua katauti nyingine.